Viti Viwili vya Kapteni Mbelwa

Jumanne iliyopita nilikuwa uani napepeta mchele simu ilipoita, namba nisiyoijua. Binti wa upande wa pili aliniamkia vizuri, akauliza kama mimi ndiye Otilia aliyekuwa anakaa Mfaranyaki, hapa Songea. Nikamwambia ndimi, ila siku hizi niko Lizaboni. Akasema anapiga kutoka Tanga, yeye ni mjukuu wa Kapteni Mbelwa, na babu yao wamemzika jana. Nikampa pole. Nikadhani ndiyo basi, lakini alikuwa anasitasita kama mtu mwenye jambo la aibu mdomoni. "Shangazi, babu aliacha maagizo. Alisema tukutafute tukwambie maneno mawili tu: shika wewe. Tumeulizana hapa nyumbani, hakuna anayejua maana yake. Wewe unaijua?" Nikamwambia naijua. Akangoja. Mimi nami nikangoja, sijui nangoja nini, mpaka simu ikakatika, ungo uko mapajani na kuku wameshaingia kwenye mchele.

Habari za wazazi wangu na sababu za kulelewa na mama mdogo nitaziacha, hazihusiki hapa. Kinachohusika ni kaunta buku, daftari nene la kwaya mbili lenye jalada jekundu, ambalo nililishusha juu ya kabati jioni ile ile nikalifuta vumbi. Nililiandika mwaka niliokuwa kidato cha tatu. Niliandika kila kitu kwa sababu sikuweza kusema kitu. Darasani nilikuwa naitikia jina langu asubuhi na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya siku, mwalimu wa fizikia alipenda kuniuliza, "Otilia, sauti umeiacha nyumbani ilinde mlango?" na wenzangu wanacheka. Ukurasa mmoja wa mwezi wa tatu umeandikwa hivi, nanukuu pamoja na aibu yake: "Leo nimesema maneno kumi na moja. Saba nilimwambia muuza nyanya. Nikifa sasa hivi hakuna atakayeikumbuka sauti yangu." Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Nyumba ya Ma'mdogo Tekla ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na nyuma ilikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha vilivyokaa mstari mmoja kama mabehewa. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kila wiki kitu kipya kilifika mjini: sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuziona, redio za kaseti, makoti ya wazungu yenye karatasi za dobi bado mifukoni. Ma'mdogo aliuza hayo makoti sokoni Majengo, na nyumba nzima ilinuka marobota ya mitumba, harufu ile ya dawa ya nondo iliyoingia mpaka kwenye ugali. Chumba cha mwisho, chenye sakafu ya udongo na dirisha linaloangalia milima ya Matogoro, kilikosa mpangaji muda mrefu. Kapteni Mbelwa alikuja wakati wa mvua, na sanduku la bati, akiburuta mguu wa kushoto. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, kanzu yake imepigwa pasi hata siku za tope. Ma'mdogo alimpenda kwa sababu hakuwa na kelele. Kisha akaanza kumshangaa, kwa sababu kabla ya kununua kitanda alikwenda kwa fundi akachongesha viti viwili.

Viti vyenyewe viliunganishwa. Fundi aliviweka sambamba, akavifunga kwa ubao uliosimama mbele ya viti usawa wa kifua, na katikati ya ubao Kapteni akapigilia msumari mrefu ukabaki umesimama. Mbele ya kiti cha kushoto kulikuwa na mpini wa ufagio uliotoka sakafuni, na kati ya viti viwili kipande cha mbao chenye kopo la maziwa linaloteleza mbele na nyuma. Kila kiti kilikuwa na mkanda wa katani. Ukutani, kwa chaki, alichora mstari mmoja mrefu uliolala. Hicho tu. Watoto wa jirani walichungulia wakakimbia kutangaza, na siku mbili hazikupita mtaa mzima ukawa unamwita Rubani wa Viti. "Kapteni, leo umetua wapi?" wanawake walimtania kisimani, naye anajibu kwa heshima, "Leo sijatua, dada zangu." Walicheka. Ilikuwa kweli tupu, lakini hilo nilikuja kulijua mimi peke yangu.

Ma'mdogo alikubaliana naye ale kwetu, na chakula chake nilikipeleka mimi nikitoka shule. Siku ya kwanza nilikuwa na sahani ya ugali, likolo la majani ya maboga na dagaa wa Nyasa, nikasimama nje ya mlango nikitafuta ujasiri wa kubisha hodi. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua limeenea uani, kuku wanaparua. Ndani nikasikia mngurumo. Aliutoa kooni, mdomo umefungwa, mngurumo wa injini ulio sawa kabisa usiopumua. Halafu ukapungua kidogo, na sauti yake ikahesabu juu yake: spidi tisini, kimo futi mia tano. Spidi themanini na tano. Themanini. Sabini na tano. Mngurumo ukapanda ghafla, mkali, kama injini inayopewa nguvu zote, lakini namba ziliendelea kushuka. Sabini. Sitini na tano. Kisha, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake kikombe cha chai: "Shika wewe."

Kimya. Kuku walikuwa wameacha kuparua. Naandika hivi leo nikijua jinsi inavyosikika, lakini kwenye daftari imo, siku ile na siku nyingine nyingi: saa kumi na dakika chache kuku walinyamaza wakasimama mguu mmoja juu. Kimya kile kilidumu mpaka dagaa wakapoa. Hakuna aliyejibu, na nilielewa kwamba yeye ndani alikuwa anangoja ajibiwe.

Nilisikiliza hivyo juma zima, nikiiacha sahani kizingitini, kabla hajafungua mlango ghafla akanikuta. Nikasema shikamoo nikiangalia chini. "Marahaba. Muda wote huo umesimama na sahani hujasikia mkono kuuma?" Akaniambia niingie. Niliona kwamba kiti cha upande wa kulia, kisicho na mtu, kilikuwa kimefungwa mkanda, umekazwa kama umemzunguka mtu tumboni. Akaufungua kwa uangalifu, akaipangusa mbao kwa kiganja, akasema, "Kaa hapa, mwanangu." Nilikaa. Mbao ilikuwa na joto. Nilijiambia ni jua la dirishani, ingawa jua lilikuwa upande mwingine wa chumba.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa jambo pekee ninalolijua kikamilifu duniani, na sijawahi kupanda ndege. Kapteni alinyoosha mkono wake kama bawa. "Ukitaka kupanda juu, unafanya nini?" Nikanong'ona kwamba unavuta usukani, pua inapanda, ndege inapanda. "Hilo ndilo kosa la kila mtu. Na mimi nitakwambia kwa nini ni kosa tamu: kwa sababu mwanzoni linafanya kazi." Akanikumbusha baiskeli kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Ukiushuka bila kukanyaga pedali, kasi inakuja yenyewe. Ukifika chini ukaanza kupanda upande wa pili bila kukanyaga, unapanda, ndiyo, lakini unapanda kwa kula kasi uliyokuja nayo. Ikiisha unasimama, na baiskeli inarudi nyuma. "Angani ni hivyo hivyo. Pua ndiyo mteremko wako. Shusha pua, kasi inaongezeka. Inua pua, kasi inapungua. Injini ndiyo miguu yako kwenye pedali. Ukitaka kupanda na kubaki umepanda, kanyaga." Akalisukuma lile kopo mbele. "Kwa hiyo ukija kutua, kumbuka hivi: spidi naishika kwa pua, kimo nakishika kwa nguvu. Ukiona unashuka kabla ya kiwanja, usivute. Ongeza nguvu. Ukiona spidi inakufa, usiogope ardhi, shusha pua."

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo alilazimika kuinama aisikie, kwamba mbona ardhi ikiwa karibu kushusha pua ni kuifuata. Akajibu, "Ndiyo maana watu wanakufa, Otilia. Mkono haukubali. Ardhi inakuja, mkono unavuta. Pua inapanda, bawa linaelekea juu mno, hewa inashindwa kulifuata mgongoni, na bawa linaacha kubeba. Unaweza kuwa na injini inayolia kwa nguvu zake zote, pua inaangalia mbinguni, unaona mawingu tu mbele yako, na unashuka. Wewe mwenyewe unaona mbingu. Unadhani umepona." Usiku huo niliandika sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, sijui kwa nini.

Tuliruka kila alasiri isipokuwa Ijumaa na Jumapili. Yeye kushoto, mimi kulia. Kazi ya wa kulia ilikuwa kutazama na kusema: kuangalia msumari, ambao ndio pua yetu, ukae kidole kimoja chini ya mstari wa chaki, ambao ndio upeo wa macho, na ukipanda kuuzidi mstari nimwambie. Na ilikuwapo desturi moja ambayo hakuiacha hata siku aliyokuwa na homa. Akitaka kunipa ufagio anasema "Shika wewe," na haondoi mkono mpaka nijibu "Nimeshika." Bila jibu hakuna aliyeshika, alisema, na ndege isiyoshikwa na mtu watu wawili wakiwa ndani ni kitu kibaya kuliko vyote. Kupanda tulipanda vizuri. Kupinda, kunyoosha, kupunguza nguvu huku ukiinua pua kidogo usipoteze kimo, yote niliyaweza. Kutua ndiko kulikotushinda. Kila tulipokaribia, mikono yake, ile ile iliyonifundisha, ilivuta. Alijiegemeza nyuma, shingo ikakaza, mdomo wake ukawa unasoma namba zinazoanguka kama unamsomea mtu mwingine. Na mimi nilikuwa nasema, "Samahani, baba, naona kama spidi imepungua kidogo." Sabini. Sitini na tano. Kimya. Kila siku tulikufa mahali pale pale.

Mwezi wa sita baridi ilishika, ukungu ukawa unalala Matogoro mpaka saa nne. Kapteni alikuwa na siku yake ya kwenda hospitali kutazamwa mguu. Nilitoka shule nikajua hayupo, kufuli liko mlangoni, mimi nikakaa na mchicha wangu uani nauchambua. Ilipofika saa kumi mngurumo ukaanza. Ulitoka ndani ya chumba kilichofungwa. Sikuinuka. Niliusikiliza ukipungua, kisha ukipanda kwa mara ya mwisho, na kuku wakasimama, na nikasikia wazi, "Shika wewe." Mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kujibu, naapa nilitaka, lakini neno halikutoka, kama darasani, nikabaki na mchicha mkononi mpaka kuku wakaanza tena kuparua. Kapteni alirudi na basi saa kumi na moja na nusu. Nilimuuliza kama alikuwa amerudi mapema akatoka tena. Alinielewa mara moja, hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Ulisikia sauti yangu au ya kijana?" Nikasema yake. Akatingisha kichwa polepole. "Afadhali. Mimi huwa nasikia ya Fadhili."

Akanieleza siku hiyo, tukiwa tumekaa kizingitini na bakuli la togwa kati yetu. Fadhili alikuwa rubani msaidizi wake, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyelelewa vizuri. Walikuwa na mizigo tu, hakuna abiria, wanatua kwenye kiwanja kidogo huku huku kusini, ukungu umekatika vipande. Wakaona wamekuwa chini mno, miti inakuja. Kapteni akavuta. Aliongeza na nguvu zote za injini, lakini pua ilikuwa imeshapanda mno na spidi imeshakwisha, injini zinapiga kelele na ndege inazama. "Fadhili aliona. Yeye ndiye aliyekuwa anaangalia saa ya spidi. Unajua alisemaje? Alisema, 'Samahani, mzee, naona kama spidi imepungua kidogo.' Kwa adabu kabisa. Mimi nikasikia adabu, sikusikia hatari. Nilipokuja kuelewa nikamwambia shika wewe, tulikuwa tumeshaingia mitini, hapakuwa na wa kujibu." Akanywa togwa. "Ripoti iliandika hali ya hewa. Mama yake alinishika mikono akanishukuru kwa kumlea." Nilitazama bakuli. Ukiondoa lile la mzee, maneno ya Fadhili yalikuwa maneno yangu, moja baada ya jingine, na sikuwa nimewahi kuambiwa.

Sasa ndipo lilipokuja la Ma'mdogo. Alirudi siku moja kutoka Majengo anatembea kama bibi harusi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ananunua ndege ndogo ya injini mbili kwa ajili ya kuwapeleka watu Dar, barabara zikiharibika watu wasikae njiani siku tatu, na amesikia kuna rubani kamili amekaa bure Mfaranyaki. Kapteni aende Dar akafanyiwe mtihani wa kurudi kazini, kisha ailete ndege Songea. "Na safari ya kwanza nimo," Ma'mdogo alisema akikoroga maharage. "Nimeshaweka jina. Tekla naenda kuchagua marobota nimekaa angani kama waziri." Jirani yake akamtania kupitia uzio, "Tekla, ukitapika huko juu kitamwangukia nani?" "Kitakuangukia wewe, maana hutoki hapo uani," akajibu, wakacheka mpaka sufuria ikafurika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu. Nilijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine alikijua katika mji ule: kwamba mwanamume anayekwenda kumrusha Ma'mdogo hajatua hata mara moja tangu Fadhili afe, na kwamba kila alasiri mikono yake ilivuta. Na yeye ni mtu mzima, baba wa watu, ananifundisha kwa hisani. Nitaanzaje?

Niliandika barua mbili kwenye daftari, nikazichana zote. Naona mpaka leo meno ya kurasa zilizochanwa. Ikafika alasiri ya mwisho kabla hajapanda basi. Sanduku lake lilikuwa tayari limefungwa kamba. Tukakaa, tukafunga mikanda, tukapanda. Macho yangu yalikuwa kwenye msumari. Majuma kadhaa nilikuwa nimeona jambo la ajabu na kuliandika bila kulisema: mstari wa chaki ulikuwa unashuka. Mwanzoni ulikaa juu ya msumari kidole kimoja, kisha msumari ukaugusa, kisha ukaufunika. Siku hiyo, tukiwa tumetulia hewani pasipo yeye kuvuta chochote, msumari ulikuwa juu ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Nilijipa moyo nikamuuliza kama aliuchora upya. "Sijaugusa tangu nije," akasema, na sauti yake ikapoteza mngurumo. Tukatazama ukuta wote wawili. Nikamfikiria Fadhili. Ndipo nikaangalia chini, sijui nilitafuta nini, nikaona kwenye miguu ya nyuma ya viti ule udongo mwekundu uliopanda kama soksi.

Kapteni aliteremka akapiga magoti kwa shida. Alisukuma kidole kwenye mguu wa nyuma wa kiti chake, kidole kikaingia kama kwenye mkate. Mchwa. Walikuwa wamekula kutoka chini, kidogo kidogo kila siku, na viti vikawa vinainama nyuma, na ubao unainuka, na pua inapanda, na sisi tumekaa humo humo tukisema tuko sawa. "Miezi yote hii," akasema akiwa bado chini. "Nimeruka pua juu na mgongo wangu haukuniambia." Mimi sikuwa na hofu ya mizimu tena. Nilikuwa na hofu ya mtu, na ilikuwa kubwa zaidi. Alirudi kitini, akafunga mkanda, akasema tumalizie. Akapunguza nguvu. Tisini. Themanini na tano. Mabega yakaanza kwenda nyuma. Themanini. Nilisikia samahani inapanda kooni, ile njia yake inaijua. Sabini na tano. Niliona mgongo wa Ma'mdogo akikoroga maharage. Sikuisema. Nilisema, "Pua chini," na haikutosha, nikasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwangu, "Shusha pua, nimeshika," nikaunyakua ufagio mkononi mwake nikausukuma mbele, na kwa mkono mwingine nikalipeleka kopo mpaka mwisho. Aliuachia. Mdomo wake ukasema, kama mtu anayeota, themanini. Themanini na tano. Tisini. Kiwanja mbele. Nikapunguza, nikaishusha, nikaituliza. Alisema neno ambalo chumba kile hakikuwahi kulisikia: "Chini." Nje kuku walikuwa wanaparua, hawakuwa wameacha.

Nilijua nikingoja nitarudi kuwa bubu. "Baba, usitue wewe. Ma'mdogo yumo." Alifungua mkanda wake, akauinamia ule wa kwangu akaufungua pia. Nilipotoka, nilimwona dirishani akiufunga tena ule wangu, mtupu, akiukaza. Alfajiri aliondoka. Aliacha ufunguo wa kufuli kwangu, akamuaga Ma'mdogo kwa salamu ndefu, na mimi hakuniambia kitu.

Siku kumi na tisa. Ma'mdogo alishona gauni. Nilijaribu kumwambia mara moja jikoni, alinisikiliza mpaka mwisho, na huo ulikuwa muujiza kwake, kisha akasema, "Otilia, ninyi mlikuwa mnacheza na viti." Basi nikaenda naye uwanja wa ndege. Watu walikuwa wengi kama sikukuu, wengine wamekuja kumtazama Rubani wa Viti akishuka kwenye kitu cha kweli. Saa kumi kasoro tulisikia mngurumo kutoka upande wa Matogoro na mwili wangu wote ukaujua. Ndege ikatoka, nyeupe, ndogo, ikaja kunyooka na kiwanja. Nilifumba jicho moja nikaweka kidole chini ya pua yake kama ule mstari wa chaki. Ndege ilikuwa chini. Ilikuwa chini mno, inaikaribia miti. Na nikaiona pua inaanza kupanda juu ya kidole changu, nusu ya ukucha, ukucha mzima, polepole, na mtu aliyekuwa karibu nami akasema, "Tazama anavyoinua, fundi huyo." Nilisema pua chini. Nilisema tena, watu wakageuka. Kisha mngurumo ukapanda, na pua, badala ya kwenda mbinguni, ikashuka. Ikashuka kwa makusudi, ikielekea kwenye ardhi ile ile inayotisha, ikakaa chini ya kidole. Ndege ikavuka miti ikiwa na kasi yake, ikagusa, ikaruka kidogo, ikatulia.

Kwenye mlango wa kushoto alitoka kijana mwembamba aliyelowa jasho. Kapteni Mbelwa alitoka upande wa kulia. Kijana alimwamkia Ma'mdogo akasema, "Mama, mzee huyu mkali. Nimefokewa kutoka Dar mpaka hapa kama ng'ombe wa jembe." Ma'mdogo akamjibu, "Afadhali ufokewe wewe, mwanangu, kuliko nilie mimi." Alidhani ni utani. Kapteni aliniambia baadaye, kwa kifupi, kwamba mtihani aliufanya, na ilipofika kutua alimwambia mwenye ndege ukweli, ule ambao ripoti haikuandika, na akaomba kiti kimoja tu, cha kulia. Pale uwanjani aliniuliza, "Uliona?" Nikasema ilipanda. "Ilipanda. Nikamwambia." Nikamuuliza kama alisema samahani. Akacheka, mara ya kwanza kumsikia, cheko jembamba la mtu mwenye meno mabovu.

Ma'mdogo alikwenda Dar akarudi, akatusimulia mawingu mwaka mzima. Jioni ile ile ndege ilipotua, mimi nilirudi nyumbani peke yangu nikafungua kile chumba kwa ufunguo ambao siku kumi na tisa ulilala shingoni mwangu kwenye uzi. Viti vilikuwa vimeanguka nyuma, mchwa wamemaliza. Mkanda wa upande wa kulia, ule niliomwona akiukaza, ulikuwa umefunguliwa, ncha zake mbili zimelazwa vizuri pembeni, kila moja upande wake, kama anavyofanya abiria mstaarabu akishuka. Nilimwonyesha Ma'mdogo aliporudi. Akasema panya.

Juzi niliipigia ile namba ya Tanga. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yule binti peke yake, kwa sauti ya chini, lakini akasema, "Subiri, shangazi, niweke sauti kubwa, ndugu wote wako hapa kwenye matanga," na nikasikia nyumba nzima inanyamaza kunisikiliza, watu wazima nisiowajua, wajomba, mashangazi. Samahani ilianza kuja, kama zamani. Nje kuku wangu walikuwa wamesimama mguu mmoja juu. Nikaangalia saa ya ukutani, ingawa sikuhitaji. Nikasema kwa nguvu, bila samahani:

"Nimeshika."